Faili Lililofungwa na Adela

Mimi si mtu wa kuogopa ovyo. Nimezaliwa Tunduru, nimelelewa na bibi aliyekuwa akifukuza nguruwe pori shambani kwa kupiga debe na kuwatukana ukoo wao mzima, na kazi yangu ni waya, ruta na kompyuta za watu. Kitu kikikataa kufanya kazi kina sababu, na sababu ukiitafuta bila papara unaipata. Kwa Mzee Makarius Mapunda wa Matogoro sababu niliipata, tena kwa ushahidi wa saa na dakika, na bado nikipita njia ya kwake natembea upesi. Hilo linaniudhi.

Mzee Makarius ndiye mwandishi wa marehemu wa upande ule wa mji. Kwa majirani zangu Wakristo, mtu hazikwi mpaka wasifu wake usomwe: alizaliwa lini, alibatizwa wapi, alioa nani, aliugua nini, ameacha watoto wangapi na wajukuu wangapi, kwa majina. Sisi Waislamu tuna haraka na maiti zetu, kwa hiyo siku ya kwanza kuhudhuria maziko ya Songea nilishangaa kuona watu wamesimama juani kando ya jeneza, kila mmoja akisubiri jina lake. Likisomwa, mwenyewe huinua uso kidogo. Lisiposomwa, kila mtu pale kaburini anajua.

Kazi hiyo aliianza ujanani, alipokuwa karani wa chama cha ushirika, enzi ambazo taipureta ilikuwa moja ofisi nzima na yeye ndiye aliyejua kuitumia kwa vidole vyote kumi. Msiba ukitokea, walimfuata. Anakaa na wafiwa, anauliza, anaandika kwenye daftari, kisha anataipu mfululizo bila kutazama vidole, ukurasa mzima kabla chai haijapoa. Sasa ana miaka sabini na nne na mkono bado mwepesi. Ni mwembamba, shati limefungwa mpaka kifungo cha juu, koti la sufu halimtoki kuanzia Mei mpaka Agosti, na ana tabia moja inayonikera: hamalizi kicheko. Anaanza kucheka, halafu kama mtu aliyekumbuka kitu anaacha.

Mwanawe Aidan, ambaye anafanya kazi za kompyuta huko Mwanza, ndiye aliyeleta mashine mbili pale nyumbani. Ya kwanza ni kompyuta ya mezani, ipo sebuleni. Ya pili ni kikompyuta cha ofisini kilichokwisha kutumika, akakigeuza seva na kukiweka stoo, ukuta mmoja na sebule, katikati ya magunia ya mahindi. Mafaili yote ya marehemu yanakaa huko stoo ndani ya folda moja. Mzee anayafungua na kuyaandika akiwa sebuleni, kwa njia ya waya na ruta. Nia ilikuwa njema, kwamba kompyuta ya mezani ikiharibika, marehemu wote wanabaki salama. Lakini stoo ile, kabla ya mahindi, ilikuwa chumba alichougulia mke wa Mzee, na hilo mimi sikuambiwa mapema.

Nitasema sasa hivi alichokuwa anakitaka, maana mimi alinizungusha. Mwezi ule wa Juni daktari alikuwa amempangia upasuaji wa moyo Dar es Salaam, na hakumficha kwamba katika umri wake kuna wanaorudi na kuna wasiorudi. Mzee alitaka aondoke akiwa amemaliza wasifu wake mwenyewe. Ulikuwa umeshaandikwa miaka mingi, kasoro sehemu moja tu. Kabla ya kuoa alizaa na msichana wa Mpitimbi, na mtoto huyo hayumo popote, si kwenye wasifu wala midomoni mwa watu wa nyumba ile. Alitaka kumwingiza. Asipoandika yeye, Aidan atasoma watoto watatu kaburini, na wa nne, kama atakuja, atasimama nyuma ya watu wote na kusikia kwamba hayupo.

"Fundi, folda inakimbia," ndivyo alivyoniambia kwenye simu. Akakata.

Nilikwenda Jumamosi saa nne asubuhi. Ukungu ulikuwa umeshuka kutoka msituni mpaka kwenye mabati, huoni lango la jirani, na mikaratusi ilikuwa inadondosha maji ingawa mvua haikunyesha.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Pita, usivue viatu, sakafu ina baridi."

Anaishi peke yake, ingawa siku hiyo sikujua. Alinimiminia togwa kwenye kikombe cha bati, akaketi pembeni yangu, akaeleza. Akiwa katikati ya kuandika, kompyuta inamwambia njia ya kwenda kwenye folda haipo. Akisubiri kidogo na kurudi, folda ipo, lakini anaambiwa faili lina mtu.

"Lina mtu gani?" niliuliza.

"Wewe angalia waya kwanza," alisema.

Nikaangalia. Nyuma ya magunia panya walikuwa wameutafuna mpaka shaba inaonekana, nikaweka mpya na kuupitisha juu ya boriti. Nikakuta na kosa la pili: kila umeme ukikatika, ruta ilikuwa inaipa seva anwani nyingine, na kompyuta ya sebuleni ikabaki inabisha hodi nyumba iliyohamwa. Nikaipa seva anwani moja ya kudumu. Nikajaribu kuhamisha mafaili makubwa kwenda na kurudi, hakuna lililokwama. Niliondoka nikiwa najisifu kimoyomoyo.

Jumatatu akapiga simu.

"Mwanangu, amelala tena."

"Nani amelala?"

Akakohoa. "Mashine," alisema.

Nikatoroka kazini saa nane mchana. Safari hii alikuwa ameacha kila kitu kama kilivyo ili nione mwenyewe. Katikati ya kioo cha kompyuta kulikuwa na kisanduku cha maneno, nikakisoma mara mbili. Kilisema faili hili limefungwa, linatumiwa na Adela, wewe unaweza kulisoma tu.

"Mzee, kuna mtu mwingine anatumia mtandao wako? Huyu Adela ni nani?"

"Ni mke wangu."

"Yuko chumba gani? Mwombe alifunge hilo faili, tutamaliza sasa hivi."

Alinitazama bila hasira yoyote. "Yuko makaburini hapo juu. Huu mwaka wa nne."

Mchana kweupe, redio ya jirani inapiga kwaya, na mimi nimeketi na kikombe mkononi nimeshindwa kukiweka mezani. Ukutani mbele yangu kulikuwa na picha ya mama mnene mwenye kilemba cheupe, rozari imening'inizwa juu ya fremu. Alikuwa anatutazama sisi wawili, au niseme picha zote zinatazama hivyo.

Baada ya kupumua niliuliza, nikapata maelezo. Kompyuta ile Aidan aliinunua kwa ajili ya mama yake, aliyekuwa katibu wa akina mama wa jumuiya, akaisajili kwa jina lake. Kila faili inalolifungua, mashine inaacha alama kwenye seva kwamba Adela analo. Ukilifunga kwa amani, alama inafutika. Njia ikikatika ghafla, alama inabaki kule stoo. Kwa hiyo Mzee akirudi anakuta faili limeshikwa na yeye mwenyewe kwa jina la mkewe. Nilimweleza hayo kwa vikombe viwili na kijiko, polepole, na alinisikiliza kwa adabu kubwa.

"Nimekuelewa," alisema. "Sasa niambie, kwa nini anashika hili moja tu?"

"Hashiki yeye, mzee."

"Haya. Kwa nini linashikwa hili moja?"

Nikasema si kweli, yatakuwa mengi ila yeye hajali. Akavuta kiti. Siku hiyo alikuwa na marehemu wa kuandikwa, fundi seremala mmoja anayeitwa Kajetani, akafungua faili lake akaanza. Vidole vilikwenda mbio: kuzaliwa, kipaimara, ufundi, ndoa, watoto tisa, wajukuu ishirini na saba. Alihifadhi, akalifunga, hakuna kilichokatika. Nikaenda stoo kupekua kumbukumbu za seva za miezi mitatu. Ukiondoa siku za umeme kukatika, njia ilikuwa imekatika mara thelathini na moja. Mara zote thelathini na moja, faili lililokuwa wazi ni la Makarius Mapunda.

Nilirudi sebuleni nikamwambia ukweli wa nilichokiona, na hapo ndipo aliponieleza habari ya mtoto. Alisema mwaka jana alimzika mzee mmoja wa mtaa wa chini. Wafiwa walimwomba aache jina la mtoto wa nje ya ndoa, naye akaliacha, kama alivyokwisha kuacha mengine mengi, maana mwandishi anaandika anachopewa. Watu walipotawanyika, mtu mzima mwenye mvi alimfuata, akamsalimia vizuri, akamwuliza: "Mzee, mimi umenisahau?" Tangu siku hiyo hali akashiba.

"Na Mama Aidan alijua kwamba una mtoto Mpitimbi?"

"Sikumwambia. Miaka arobaini na moja tumekaa, sikumwambia." Akaitazama picha. "Sasa amejua. Hataki niandike. Nikifika hapo tu, anakuja."

Nilitaka kumwambia aache maneno hayo. Nikamwahidi kurudi Jumamosi nikae naye mwanzo hadi mwisho. Zilikuwa zimebaki siku kumi na mbili kabla hajasafiri.

Jumamosi ile ukungu ulikuwa mzito zaidi. Aliniwekea kiti nyuma yake, karibu na ukuta wa stoo, na kutokea hapo nilikuwa nasikia feni ya seva upande wa pili ikivuma taratibu. Nikamwomba afanye kila kitu kama kawaida yake, mimi nisiwepo. Alifuta alama ya Adela kama nilivyomwelekeza, akafungua wasifu wake. Akarekebisha tarehe moja ya ushirika, akaongeza jina la mjukuu aliyezaliwa Pasaka. Vidole vilikuwa vinakimbia. Kisha akashuka mpaka kwenye mstari unaoanza, "Marehemu ameacha watoto," na mikono yake akaiweka mapajani.

Nilimtazama kisogo, nikaitazama picha, nikautazama ukungu dirishani ukipita kama unakwenda kazini. Togwa yangu iliganda utando juu. Sijui tulikaa muda gani. Mimi nilikuwa nimejazwa na ule mvumo wa feni nyuma ya bega langu hata nikaacha kuusikia.

Ndipo ukakoma.

Hakuna kilichodondoka, hakuna mlango uliofunguka. Mvumo ulikatika tu, na kimya kilichofuata kilikuwa kikubwa kuliko chumba. Kwenye kioo kikatokea kisanduku: njia haipo.

"Umesikia?" Mzee alisema kwa sauti ya chini bila kugeuka. "Amelala. Alipokuwa anaugua ilikuwa hivi hivi. Nakaa hapa, nasikia anavyopumua humo ndani. Halafu sisikii."

Niliogopa. Sitaki kujifanya. Niliogopa kiasi cha kutaka kuacha begi langu na bisibisi zangu zote niende, nikaanza kusoma dua kimoyomoyo, na katikati ya dua nikakasirika. Nilijikasirikia mwenyewe, mtu mzima mwenye cheti ukutani. Nikainuka nikaenda stoo.

Mle ndani kulikuwa na baridi na harufu ya mahindi na dawa ya wadudu. Kidirisha kilikuwa kimezibwa kwa kadibodi. Nilichokiona kwanza ni taa ndogo ya seva, ya rangi ya chungwa, ikiwaka na kuzima polepole, ikiwaka na kuzima. Nilibonyeza kitufe. Taa ikawa nyeupe, feni ikavuta pumzi, ikaanza kuvuma. Nikachomeka kioo changu kidogo, nikafungua tena zile kumbukumbu, na safari hii sikusoma zilipokatika tu. Nilisoma yaliyotangulia.

Lilikuwa kosa la kitoto, langu na la Aidan. Seva iliachwa na mpangilio wake wa dukani: isipoguswa kwa dakika ishirini, ilale. Mtu akiwa anaandika na kuhifadhi, inakaa macho. Akiacha, inahesabu, kisha inalala mpaka iguswe tena. Na kila mmoja wa ile mikatiko thelathini na moja ulikuwa umetanguliwa na dakika ishirini kamili za kimya. Kwa seremala Kajetani, Mzee hakunyamaza hata dakika mbili. Kwa marehemu wengine wote hakunyamaza. Kwenye mstari huu mmoja, mara thelathini na moja, aliketi kwa dakika ishirini mikono mapajani, mpaka mashine ikachoka kumsubiri.

Nilicheka peke yangu kati ya magunia kwa raha ya kupona. Nikafuta mpangilio ule, nikaiamuru seva isilale kamwe, nikaondoa alama ya Adela, nikasafisha jina lake kwenye usajili wa kompyuta ya sebuleni na kuandika Makarius. Kisha nikamweleza. Sikumpamba.

"Mzee, hakuna anayekuzuia. Mama wa watu amepumzika. Ni wewe unayenyamaza, na mashine ikiona umenyamaza inalala. Basi."

"Kwa hiyo hatalala tena?"

"Haitalala tena."

Nilitegemea ashukuru. Badala yake alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyepewa habari mbaya kwa upole.

"Basi andika wewe," alisema. "Mimi mkono wangu hauendi hapo. Nitasema, wewe andika."

Tukabadilishana viti. Faili lilifunguka bila swali. Nikaweka kidole tayari.

"Marehemu ameacha watoto wanne," alisema.

Nikafuta watatu, nikaandika wanne. Nikiri, nilikuwa nasikiliza ukuta. Feni iliendelea kuvuma.

"Wa kwanza," alisema.

"Ndiyo. Wa kwanza anaitwa nani?"

Nikadhani hakusikia, nikageuka.

"Mzee, jina."

"Sijui."

"Hulijui au umelisahau?"

"Sijui, mwanangu. Nilikuwa kule msimu wa tumbaku, karani wa mizani. Msimu ulipoisha Frida, yule msichana, alikuwa na mimba ya miezi saba, gari la ushirika likaja kutuchukua. Alisimama kando ya barabara. Nikamwambia nitarudi."

"Ni wa kike au wa kiume?"

Akatikisa kichwa.

Nilimkasirikia kuliko nilivyowahi kumkasirikia mtu wa umri wake, na adabu yote niliyofunzwa Tunduru ilinitoka. Nilimwambia kwamba ameandika majina ya wajukuu wa watu mpaka wa ishirini na saba, anajua mbatizwa yupi alibatizwa na padri gani, na huyu wa kwake hajui hata kama anavaa suruali au gauni. Nilimwambia amemsingizia marehemu mkewe, mwanamke asiyeweza kujitetea, kwa kitu ambacho yeye mwenyewe hakuwa nacho cha kuandika. Nilimwambia Mpitimbi ni mwendo wa saa moja kwa pikipiki, na kwamba wapo watu wanaokwenda na kurudi sokoni kila siku, na Frida kama yu hai anajulikana, na kama hayupo wasifu wake ulisomwa na majina yote yalitajwa. Nilimwambia nina namba ya bodaboda mwaminifu, anaweza kufika hapo mlangoni kabla sijamaliza kufunga begi langu. Yote hayo aliyakubali kwa kichwa.

"Nimpigie?"

Alirudi kwenye kiti chake mbele ya kioo, akaweka mikono mapajani. Mstari ulikuwa umeandikwa, "Marehemu ameacha watoto wanne. Wa kwanza," na baada ya hapo kijistari cha kuandikia kinawaka na kuzima.

Nilikunja waya wangu. Nikafunga begi. Nikaangalia saa, dakika kumi zilikuwa zimepita, nikaketi tena kwa sababu sikuweza kumwacha hivyo. Zikapita kumi na tano. Alikuwa ameinamisha kichwa kuelekea ukutani, sikio lake likiwa upande wa stoo, na nilipouona ule uso nikaelewa anafanya nini. Zikafika ishirini. Zikafika ishirini na tano. Mzee Makarius alikuwa anasubiri folda ipotee, na upande wa pili feni ilivuma na kuvuma, maana nilikuwa nimeitengeneza.